Mizunguko Minne kwa Mkono

Yunis mwanangu,

Saa hizi umeenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako, nami nimekaa gereji juu ya kreti la soda, naandika kwenye karatasi nilizozichana katikati ya daftari. Ukiona alama za grisi usinicheke. Nimenawa mara mbili kwa sabuni ya unga, lakini mikono hii unaijua. Nikimaliza nitaiweka barua juu ya begi lako. Nataka uisome leo hii jua likiwa bado lipo, ili kama ni hasira zikukute hapa nyumbani na mimi nipo, zisikukute ndani ya basi la Arusha ukiwa umebanwa na watu usiowajua.

Mambo ya blanketi, dawa ya mafua na kutoacha simu mezani mama yako ameshayasema, na kesho atayasema tena. Mimi sina la kuongeza. Wala sitakufundisha namna ya kuishi chuoni, maana chuo nakijua kwa kutengeneza jenereta zake tu. Nina jambo moja. Kaka yako Amosi hakuwa amekunywa siku ile ya ajali, na hakukosea gia. Ile injini niliifunga mimi, niliifunga vibaya, na baadaye nikasema uongo. Kwa miaka minne umekataa kuongea na kaka yako kwa sababu ya neno lililotoka kinywani mwangu.

Nimeliandika mapema ili usihangaike kulitafuta huko chini. Nilidhani nikiliandika mkono utatetemeka. Haujatetemeka. Nimemaliza sentensi, nikainuka, nikafukuza kuku wa jirani aliyekuwa anadonoa kwenye beseni la boliti, nikarudi kukaa. Hivyo ndivyo nilivyo siku hizi, na nadhani umeshaona. Mama yako aliwahi kusema ni kama anaishi na mtu aliyesahau kushuka kituoni.

Unakumbuka jinsi unavyonitania kila nikifunga injini? Mafundi wote mjini hapa, kabla ya kuwasha injini waliyoifunga upya, huizungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, wakisikiliza kama kuna kinachogusa. Mimi nazungusha minne. Wewe ukisimama mlangoni na daftari zako utasema, "Baba, utaipa kizunguzungu hiyo injini, itatapika oili." Nami nacheka, au nafanya mdomo kama wa mtu anayecheka. Hukuwahi kuniuliza kwa nini minne, na mimi nilifurahi hukuuliza. Miwili ni ya injini iliyo mbele yangu, na miwili ni ya ile ambayo sikuizungusha.

Sasa nikueleze vizuri. Mengi unayajua, umekulia humu, lakini niache niyapange moja baada ya jingine kama ninavyomweleza mteja, maana nikiyaruka nitapata pa kujificha.

Ile pikipiki ilikuwa ya Shabani, yule bwana wa ofisini aliyekuwa anakuja na miwani myeusi hata siku ya mawingu. Alitaka ikimbie kuliko zote kwenye mashindano ya mita mia nne, kwenye kile kipande kipya cha lami nje ya mji ambacho magari yalikuwa hayajaanza kupita. Amosi ndiye aliyekuwa aiendeshe. Tuliweka pistoni kubwa zaidi, na hedi, kile kichwa cha injini, ikapelekwa kwa mchonga vyuma ikwanguliwe ili mgandamizo upande. Shabani akaona haitoshi, ikarudishwa ikakwanguliwa tena. Hedi ikikwanguliwa inashuka, inakaa karibu zaidi na krenki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Na ile cheni nyembamba ya ndani, cheni ya taimingi, inayozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, inabaki na urefu ule ule. Kwa hiyo inalegea. Hakuna uchawi hapo.

Nililijua hilo. Niliagiza cheni mpya Dar es Salaam, ije na basi la Ijumaa. Ijumaa basi likaja bila mzigo, mashindano yakiwa Jumapili. Nikachukua cheni ya zamani nikaifunga. Nikabonyeza kwa kidole gumba kama nilivyokufundisha, na kidole kikazama. Kilizama kuliko inavyotakiwa, Yunis. Kidole hiki hiki nilichoshikia kalamu. Nikajiambia tensheni, kile kifaa cha meno kinachoisukuma cheni, itaukaza ulegevu wote, kazi yake si ndiyo hiyo. Nikaitazama tensheni yenyewe, ilikuwa imeshatoka karibu yote, imebakiza jino moja. Nikajiambia jino moja linatosha kwa mita mia nne.

Hayo yalikuwa makosa, lakini bado ningeweza kuyagundua. Kilichomaliza kila kitu kilikuwa kidogo mno, na mpaka leo naona aibu kukitaja kwa sababu ya udogo wake. Nilikuwa nazungusha krenki nikitafuta alama ya kupangia cheni. Gereji ilikuwa imejaa watu, Shabani na wenzake, mmoja anarekodi kwa simu. Walikuwa wananisifia. "Fundi, wewe ni injinia kabisa, cheti ndicho umekosa tu." Nikawa nasikiliza huko. Nikaipita alama, kwa upana wa punje ya uwele.

Na sheria ya hapo unaijua, nimekupigia kelele mpaka ukaichoka. Ukiipita alama hurudi nyuma. Unazunguka tena mizunguko yote miwili mpaka uifikie kwa mbele. Ukizungusha mbele, ulegevu wa cheni wote unakimbilia upande wa tensheni, ambako kuna kitu cha kuukaza. Ukirudisha nyuma, hata kwa punje, ulegevu unahamia upande usio na kitu, na alama inakaa sawa kwa macho wakati meno hayajakaa sawa. Mimi nilirudisha nyuma. Ningezunguka tena mbele ya watu wale, wangeona nimekosea. Nikairudisha kimya kimya, nikafunga kifuniko, na sikuizungusha kwa mkono hata mara moja, maana Shabani alishasema, "Washa tuisikie, Fundi!" Nikawasha. Ikanguruma vizuri, wakapiga makofi. Chini ya ule muungurumo kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, kama kijiko kwenye sufuria. Nikasema oili haijapanda bado.

Jumapili ile wewe na mama yako mlibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya, kwa hiyo ajali yenyewe hukuiona. Mimi niliiona. Amosi alikuwa mbele, amemwacha mwenzake kwa urefu wa pikipiki mbili nzima. Akaingiza gia ya nne. Nikasikia mlio nilioufahamu kabla sijafahamu kwamba naufahamu. Cheni iliruka meno, valvu zikashuka zikakutana na pistoni inapanda, injini ikaganda papo hapo, na tairi la nyuma likaganda nayo. Pikipiki ikalala ubavu, ikamburuza. Watu walikimbia. Mimi nilitembea. Sijui kwa nini nilitembea, miguu haikutaka kukimbia, na nilipofika walikuwa wameshaitoa pikipiki juu ya mguu wake.

Hospitali, kwenye benchi la nje, Shabani aliniuliza mbele ya watu, "Fundi, nini tena, injini au dereva?"

Nikasema, "Dereva."

Wakawa bado wananitazama, wanasubiri. Nikaongeza, "Kijana alikuwa ameonja kidogo, akachanganya gia."

Basi. Halikuwa neno nililolipanga. Lilitoka jepesi, na kila mtu akalipokea kwa urahisi, kwa sababu wote walijua Amosi alikuwa akifanya vibarua vya mavuno ya zabibu Makutupora, na walijua wanachokunywa vijana huko siku ya malipo. Lakini wewe ulijua zaidi yao. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake kwenye pikipiki siku ile aliyokuwa amelewa kweli, akaiingiza kwenye korongo la mchanga, ukapata hilo kovu la kidevuni. Ulituambia umeteleza bombani. Ulimficha kaka yako kwetu sisi wazazi wenu, kwa masharti kwamba hatagusa tena tone, na akakuapia. Mimi nilikuja kuyajua hayo baadaye kwa mama yako. Siku ile ya benchi sikuyajua. Sijui kama ningeyajua ningesema tofauti. Ningependa kukuambia ndiyo, lakini nimechoka kukudanganya.

Ulifika ukiwa bado na joho la kwaya. Ulishasikia nje. Ukaenda moja kwa moja kitandani kwake, ukamuuliza, "Umekunywa?"

Amosi alikuwa amevimba mdomo. Akasema, "Sijagusa kitu, Yunis. Mungu anaona."

Na wewe ukageuka ukanitazama mimi.

Nimeirudia hiyo sekunde mara nyingi kuliko ajali yenyewe. Ulisimama na joho lako la kijani, unasubiri nikubali au nikatae. Sikukubali, sikukataa. Nilitazama kucha zangu, zilikuwa na oili ya ile injini. Ukamgeukia kaka yako ukamwambia, "Baba hawezi kumsingizia mtoto wake." Ukatoka. Tangu siku hiyo hujamwita jina.

Pikipiki ililetwa hapa baada ya wiki. Nilifunga mlango, nikaifungua peke yangu. Kila kitu kilikuwa kama nilivyojua kitakuwa, valvu zimepinda, pistoni imetoboka, cheni imelala pembeni ya meno yake kama haijawahi kuyajua. Nikaitoa nikaiweka kwenye kopo tupu la rangi, nikaliweka kopo juu ya rafu, nyuma ya makopo ya grisi. Wewe mwenyewe umelifuta vumbi mara kadhaa. Sikulia. Nilinawa mikono, nikaja ndani, nikala ugali na mlenda, na mama yako akaniongeza mboga kwa sababu alinihurumia.

Nilidhani hali ile itapita. Haikupita. Watu wanadhani mtu mwenye kosa hulala akigeukageuka. Mimi nililala vizuri. Nilifanya kazi, nikatania wateja, nikatoa sadaka, na vyote nilivifanya kwa mbali, kama mtu aliyevaa glavu nene anayeokota sindano. Amosi alipotoka na magongo akaenda kuishi kwa mjomba wenu Hombolo, nilimpakia godoro lake kwenye kigari cha Kirikuu nikampungia mkono. Ulipofaulu kidato cha sita nilisikia majirani wanapiga vigelegele, nikajua hii ni furaha, nikatabasamu inavyotakiwa. Samahani mwanangu. Ile siku ilistahili baba aliyekuwepo.

Kilichonisukuma kusema si ujasiri. Ni fomu yako ya chuo. Ile sehemu waliyouliza kwa nini umechagua ufundi wa mitambo, uliandika kwamba baba yako amekufundisha kuwa injini haidanganyi na fundi asidanganye. Ulinipa nisome nikague makosa ya maandishi. Hakukuwa na kosa. Nilikurudishia nikasema ni nzuri, halafu nikaenda nyuma ya choo nikasimama huko muda mrefu. Sikusikia uchungu hata pale. Lakini nilijua huwezi kuondoka nyumbani umebeba hilo.

Nilianza na mama yako, Jumanne. Alikuwa anapepeta karanga. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Alinitazama, akarudi kwenye ungo wake, akapepeta mpaka zikaisha. Hajaniambia neno tangu siku hiyo, isipokuwa "chakula tayari." Uliniuliza juzi kwa nini nyumba imekuwa kimya, nikasema mama yako ana huzuni ya safari yako. Huo nao ulikuwa uongo, na natumaini ndio wa mwisho.

Jana nilichukua lile kopo nikaenda Hombolo. Nilikuambia naenda kuangalia pampu. Nilimkuta Amosi shambani anapogoa mizabibu, mguu wa kushoto ameunyoosha pembeni, amekaa kwenye kigoda anachokisogeza mstari kwa mstari. Anajua kazi ile sasa. Alinyanyuka aliponiona, kwa shida, nikamwambia asinyanyuke, akawa ameshanyanyuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekuletea kitu."

Akalitazama kopo. Hakulishika. Akasema, "Hiyo ni cheni."

Nikamuuliza amejuaje.

"Baba, mimi ndiye niliyekuwa juu yake. Pale kwenye mstari, kabla hawajashusha bendera, niliisikia inagonga. Nimekulia gereji. Nilijua ni cheni, na nilijua imelegea."

"Sasa kwa nini hukushuka?"

Alifuta mkasi kwenye suruali. "Ulikuwa umesimama pale na wale watu wa ofisini. Mmoja amekushika bega. Ulikuwa unacheka, baba. Sijawahi kukuona unacheka vile mbele za watu. Nikasema ni mita mia nne tu."

Mita mia nne tu. Tulikuwa tumesema neno moja, mimi na yeye, bila kuambiana.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hii. Akasema, "Sikunyamaza. Nilimwambia Yunis sijagusa kitu. Hakuniamini. Kama Yunis hakuniamini, nimwambie nani mwingine?" Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba tunaongea habari za mbolea, "Na ningeeleza habari ya cheni, nani angekuletea injini tena? Yunis angesomaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, au kufukuzwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nikaliweka kopo chini. Nikamwambia, "Nisamehe, Amosi." Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumdai. Akanionyesha mstari ambao waya wake wa kuegemeza mizabibu ulikuwa umelala, tukaukaza pamoja, yeye anashika nguzo, mimi navuta. Nilipokuwa navuta nilihisi waya unanikata kiganjani. Nakuandikia hilo kwa sababu ni kitu cha kwanza nilichokihisi vizuri kwa muda mrefu. Kidonda kipo, ni kidogo.

Kwa hiyo mimi nilijua, Amosi alijua, na mama yako sasa anajua. Uliyekuwa hujui ni wewe peke yako, na wewe ndiye uliyelipa kwa kumkosa kaka yako. Usijilaumu kwa ulichomwambia pale kitandani. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, na uliyemwamini alikuwa baba yako. Ulifanya inavyopasa. Mimi ndiye sikufanya.

Sitakuomba unisamehe kwa barua, maana barua inamlazimisha mtu. Ukitaka kunifokea leo, nipo gereji mpaka magharibi, na mlango nimeuacha wazi. Ukitaka kuninyamazia kama mama yako, nitaelewa. Ukifika chuoni ukaona ile fomu uliyoandika inakuumiza, iache kama ilivyo. Yaliyomo ni kweli, hata kama mwalimu wako, yaani mimi, hakuyafuata. Na siku utakayopita alama, kwa sababu utaipita, watu wakiwa wamekuzunguka wanakusifia, zungusha tena. Waache wakuone.

Amosi aliniuliza jambo moja tu nilipokuwa naondoka. Aliuliza basi lako ni la saa ngapi. Nikamwambia la saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba asijisumbue, ni mbali, na stendi ina ngazi. Akasema atalala kwa rafiki yake mjini. Akasema begi lako atalibeba yeye. Nikamwambia mguu wake hauwezi. Akasema utaweza.

Kwa hiyo kesho utamkuta pale. Hatakuwa na maneno mengi, unamfahamu. Huenda akasema tena lile lile alilokuambia hospitali, na safari hii akasubiri jibu.

Mimi nitakuwepo, nimesimama karibu na mama yako. Akikuambia, Yunis, usigeuke kunitazama mimi.

Baba yako,
Ndahani